Darasa la Uani kwa Mwalimu Verediana

Majivu yaliyolowa maji yana harufu kali kidogo inayokaa nyuma ya koo, na mwaka wa 1990, nilipokuwa na miaka tisa, ndiyo iliyonipokea kila Jumamosi alasiri katika ua wa Mwalimu Verediana, mtaani kwetu Rwezamenyo, Kigali. Ilichanganyika na harufu ya mkojo wa sungura na ya maganda ya ndizi yaliyorundikwa pembeni yaoze na kuwa mboji. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, asiye na mume wala mtoto, aliyewahi kufundisha shule ya msingi kabla ya kuachishwa kazi kwa sababu ambazo watu wazima walizitaja kwa sauti ya chini. Ujana wake aliupitisha Bujumbura, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili chake na ufundi wa kuishi vizuri katika kiwanja kidogo. Alipoona akina mama wa mtaani wanalalamika kwamba bei za sokoni zinapanda, aliwaita uani kwake na kuanza kuwafundisha bila malipo. Walikuwa kumi na wawili, Waislamu na Wakatoliki, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Mimi nilipelekwa kumbeba mdogo wangu mgongoni, lakini haukupita mwezi nikawa mwanafunzi kuliko mama mwenyewe.

Tulijifunza kupanda dodo, yaani mchicha wetu, ndani ya magunia yaliyojazwa udongo na mawe. Tulijifunza kukausha majani ya kunde kivulini yasipoteze rangi, na kumshika sungura bila kumvunja uti wa mgongo. Somo nililolipenda zaidi lilikuwa la shimo la viazi vitamu. Unachimba mahali pasipotuama maji, unatandika nyasi kavu, unapanga viazi visivyo na jeraha, unavimwagia majivu, kisha unafunika kwa udongo na kupasawazisha hadi juu pasionekane kitu. Mtu akisema akiba haiozi, Mwalimu alicheka na kujibu kwamba akiba huoza sana, ila ukiitilia majivu ndipo methali inakuwa kweli. Mwisho wa kila somo alituuliza maswali, na mimi, mtoto pekee, nilijibu kwanza kwa sauti kubwa. Alikuwa akinigusa utosini kwa kidole chenye udongo, na njia nzima ya kurudi nyumbani sikutaka kuupangusa.

Oktoba ya mwaka huo vita vikaanza kaskazini, waasi, wengi wao Watutsi waliokuwa uhamishoni, walipovuka mpaka. Ghafla mji ulijaa vizuizi, redio haikuzimwa, na neno “wasaidizi wa adui” likawa mdomoni mwa kila mtu. Watutsi walianza kuchukuliwa majumbani. Mwalimu Verediana alikuwa Mtutsi, jambo ambalo mimi sikulijua kwa sababu sikuwahi kuwa na haja ya kulijua. Jumamosi ya kwanza hakuna aliyekwenda darasani. Siku mbili baadaye, asubuhi, mama alikuwa amekwenda soko la Nyabugogo kutafuta unga, nami nikatoroka kwenda kuwaona sungura. Mwalimu hakunifukuza. Alinipa majani niwalishe, akaendelea kufua. Hapo ndipo askari wanne walipoingia, wakiongozwa na kiongozi wa mtaa.

Watatu waliingia ndani ya nyumba. Wa nne, kijana mwenye uso wa upole, alichuchumaa karibu nami na kuniuliza kwa Kinyarwanda tunafundishwa nini pale. Hakunitisha. Ningesema alinitisha ingekuwa rahisi zaidi kwangu, lakini aliniuliza kama mgeni anavyomuuliza mtoto wa shule, nami nikasimama wima, mikono nyuma, nikajibu kama nilivyozoea.

“Tunachimba mashimo, tunaficha chakula, tunafunika vizuri ili anayepita asijue.”

“Chakula cha nini?”

“Cha siku mbaya.”

“Siku mbaya ipi?”

Hilo halikuwa katika somo. Nilifikiri kidogo, nikasema, “Ile inayokuja.”

Mwalimu alikuwa ameacha kufua. Sikuona hasira usoni mwake. Alinitazama kama mtu anayetazama chungu kikianguka kutoka mbali, akijua hatafika kukidaka. Askari yule alisimama, akawaita wenzake, wakachukua majembe yetu wenyewe na kufukua shimo. Walitoa viazi, majani makavu yaliyofungwa kwenye mifuko, na majivu. Walipekua kila kiazi kana kwamba ndani yake kuna kitu. Kisha wakamwambia Mwalimu atembee. Aliomba kunawa sabuni mikononi, wakamruhusu. Aliponipita alisema kwa Kiswahili, “Mwaju, sungura hawajapata maji,” na hakuongeza neno.

Mama aliporudi nilimweleza yote. Aliketi chini, akaweka kiganja chake mdomoni mwangu bila kukibana, akakiacha hapo muda mrefu. Baba alikwenda kwa kiongozi wa mtaa kumtetea jirani yetu, akaulizwa kama naye anataka jina lake liandikwe. Alirudi akavua viatu, akavipanga mlangoni taratibu, akasema amefanya alichoweza. Wale wanawake wengine kumi na mmoja walifukua mashimo yao ya nyumbani siku hiyohiyo na kupika viazi vyote. Mimi niliendelea kupeleka maji kwa sungura mpaka nilipokuta kibanda kitupu, mlango wake umeng’olewa.

Aliachiliwa mwaka uliofuata, wakati wa mvua ndefu. Meno ya mbele hayakuwepo, na vidole vya mkono wa kulia havikuweza kukunjika. Mama alimpelekea uji, nami nikafuata nikiwa na maneno niliyoyakariri miezi yote ile. Mama alipotoka kuosha kikombe, nilimwambia, “Mwalimu, mimi ndiye niliyesema.”

“Jina langu walikuwa nalo kabla hawajafika mlangoni,” akasema. “Wewe ulijibu ulivyofundishwa.”

Sikujua kama ni kweli au ni huruma. Sikuthubutu kumuuliza tena, na darasa halikurudi. Akina mama walipomletea mbegu alizipokea, akawaomba wasije wengi kwa pamoja. Aprili ya 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, aliuawa nyumbani kwake, nyumba nne kutoka kwetu. Tangu siku ya kwanza, kabla hajauawa, mama alitaka kwenda kumleta kwetu. Mara mbili alifika mlangoni, na mara mbili baba alimvuta ndani, kwa maana kizuizi cha wauaji kilikuwa kati yetu na yeye. Sisi watoto tuliwatazama wakivutana bila kutoa sauti.

Miaka mingi baadaye, gacaca, mahakama ya wananchi wenyewe ya kuhukumu mauaji yale, ilipokaa mtaani kwetu, nilikaa kwenye nyasi na kusikia nani alimuua Mwalimu na aliingia kwa mlango upi. Kuhusu ile asubuhi ya Oktoba hakuna aliyeuliza, na wa kujibu hakuwepo tena. Siku hizi Kigali ni mji mwingine. Wakuu wanahimiza kila nyumba iwe na bustani ya mboga, na wanawake hujifunza kuhifadhi chakula hadharani, wakipigwa picha. Kiwanja chake kimejengwa ghorofa na watu wasiomjua. Umri wangu umeshaupita wake. Binti yangu ni mchangamfu, na walimu wake wanamsifu kwa kujibu maswali bila woga; nami humsifu mbele yao, kwa sababu ndivyo mtoto anavyopaswa kulelewa. Lakini mgeni akimuinamia na kumuuliza jambo, hata jina tu la shule yake, mimi huzuia pumzi mpaka amalize kujibu.