Kata ya Kwanza ya Hilaria

Jua ndiyo kwanza linachomoza Makanyagio, mjini Mpanda, na Hilaria Kasimiri tayari anachuja wanzuki, pombe ya asali ya Inyonga. Anajaza kata, anapiga funda moja, kisha anamnyooshea mteja wa kwanza.

Ndiyo desturi: mpika pombe huonja kwanza, kuondoa shaka ya sumu. Asiyepokea kata hiyo amemtukana mwenye nyumba.

Mwaka juzi, 1995, hakuna aliyepokea.

Kilichomponza ni kivimbe cha zambarau mkononi, kidogo kama punje ya hindi, kimezungukwa na pete nyeupe na nyingine ya kahawia. Kilianza baada ya kujigonga mlangoni. Mji ukatoa hukumu: ukimwi. Visingizio vikaanza. "Leo natumia dawa, mama." Hilaria, aliyekuwa akiuza pipa zima kwa siku, akabaki na ndoo moja, nayo ikachacha.

"Nililia mpaka machozi yakagoma," anasema. "Hata wifi yangu Agatha alikuja na kikombe chake, asiguse kata yangu!"

Hospitalini damu ilipimwa, ikawa safi. Lakini nani huiona damu? Watu waliona kivimbe. Daktari Silvester naye aliingiwa na wasiwasi, maana ipo saratani inayofanana nacho. Akakikata chote, akakitia kwenye chupa ya dawa, kikapanda treni kwenda kupimwa Mwanza.

Hilaria akakaa roho mkononi. Jibu liliporudi, daktari akamweleza polepole: ni uvimbe wa mishipa ya damu, wa nadra, wala si saratani. Kwenye darubini, vijishipa vya juu vimetanuka na seli zake zimechomoza ndani kama vichwa vya misumari. Vya chini ni vyembamba, vimebanana. Damu iliyovuja imeacha kama kutu kwenye ngozi, ndiyo ile pete ya kahawia.

"Kimeshakatwa, kimekwisha," akamwambia. "Na hata ungekuwa na ukimwi, mama, kata haiambukizi."

Habari zikamfikia Ponsian, fundi seremala jirani. Akaja kilabuni kwa Hilaria, akacheka mbele ya wote.

"Nyie ogopeni. Mimi misumari naijua tangu utoto, haijaniua. Lete kata, dada!"

Akainywa mpaka tone la mwisho. Siku ile Hilaria alilia tena, ila kwa furaha.

Mwezi ujao Ponsian anamwoza binti yake, na pombe yote ya harusi ni ya Hilaria. Ameshapanga atakavyofanya.

"Nitakunja mkono wa gauni, kovu lionekane. Nitaonja mbele ya watu wote. Halafu kata hiyohiyo nampa Agatha," anasema, akitabasamu. "Na asije na kikombe."