Hukumcheka Mtu

Dada yangu mkubwa alikuja kututembelea kutoka Morogoro, na siku ya tatu akamuuliza mke wangu, "Wifi, ulipokuwa na mimba ya mtoto huyu ulimcheka nani?"

Binti yetu alikuwa na miaka minne. Alitembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana. Kwetu husemwa kwamba mjamzito akimcheka kilema atazaa kilema. Dada alitaka mke wangu amtaje huyo mtu, kisha ampigie simu kumwomba radhi. Kadi ya simu alikwisha kuinunua dukani hapa Crystal, mji wetu huku ughaibuni.

Nilidhani mke wangu angecheka. Badala yake alianza kukumbuka. Siku nne alipekua miezi ya mimba ile, kisha hata ujana wake, mpaka Jumamosi akampata jirani mmoja wa kwao, mama aliyechechemea. "Labda nilitabasamu," aliniambia. Mkono ulikuwa tayari kwenye simu.

Nikaleta daftari langu. Miaka miwili nilikuwa nikiazima vitabu vya tiba maktaba, kamusi pembeni, na kuandika.

"Umekuwa daktari wa maktaba?" dada akauliza.

"Dada, shikamoo yangu ya asubuhi iko palepale. Hili sikubali."

Nikasoma. Mtindio wa ubongo, hali aliyo nayo binti yetu, hutokana na ubongo kuumia au kutokukua sawasawa kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au baadaye kidogo. Wapo ambao mama zao waliugua wakiwa wajawazito. Wapo waliokosa hewa wakizaliwa, au waliopata homa ya uti wa mgongo. Umanjano mkali wa ngozi na macho ya kichanga usipotibiwa huweza kumwachia mtoto viungo vinavyojinyonganyonga bila yeye kutaka. Wengine hukosa mizani, wakayumba. Wengine huchanganya dalili hizi. Kwa walio wengi misuli hukakamaa: upande mmoja, mwili mzima, au zaidi miguuni, kama binti yetu. Alizaliwa wa miezi saba. Picha ya ubongo ilionyesha jeraha palepale zinapopita amri za kwenda miguuni.

"Kwa wengine sababu haijulikani," nikamalizia. "Hilo nalo nimeliandika. Kicheko hakimo."

"Daftari lako halina Mungu."

"Wala halina uchawi. Mimi nakucheka kila siku unavyokoroma, dada. Mbona binti yangu hakoromi?"

Dada hakutabasamu. Lakini mke wangu alirudisha simu mahali pake.

"Sikumcheka mtu, wifi," alisema. Akarudia kwa sauti zaidi, kana kwamba anataka majirani wa ghorofa ya juu wasikie. "Sikumcheka mtu. Na hata ningemcheka, nisingemvunja mwanangu miguu."

Ilikuwa saa kumi, saa ya kumvalisha mtoto vishikizo vyake vya plastiki vya kunyoosha miguu. Mke wangu akampa dada kimoja. Dada akakivalisha mguu usio wake, binti akamkemea kwa Kiingereza, na shangazi mtu, bila kutafsiriwa, akakivua na kuanza upya.

Kadi ya simu ilirudi Morogoro na dakika zake zote.