Jirani, Mwambie Mwenye Nyumba

Kila nikisikia harufu ya pumba za mpunga zinazoungua polepole, naikumbuka nyumba yetu. Madibira, nilikokulia, mashine za kukoboa zilirundika pumba nje, zikawashwa moto usio na mwali, zikafuka moshi juma zima mpaka nguo zilizoanikwa, mboga na nywele za watoto vikanuka kitu kimoja. Msimu wa mavuno ninaousimulia hapa, moshi huo uliingia hata chumbani, na nyumba yenyewe ilikuwa kimya. Baba yangu alitoka katika ukoo wa wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakaja bonde la Usangu. Mama alikuwa Mhehe wa Idodi. Yeye hakujua Kisukuma, baba hakujua Kihehe. Walitongozana kwa Kiswahili, wakaoana kwa Kiswahili, na walipokosana wakakosana kwa Kiswahili hicho hicho.

Masika ya mwaka ule mdogo wangu Nyanda, aliyekuwa bado ananyonya, alishikwa na homa. Baba alikuwa mbali, malishoni na ng'ombe, njia imejaa maji, na mama akasubiri kupambazuke ndipo ambebe kwenda zahanati. Hakufika naye akiwa hai. Siku ya matanga, mbele ya shangazi zangu, baba alisema, "Ungemuwahisha, angepona." Hakurudia tena, wala hakuomba radhi. Tangu siku hiyo mama hakumsemesha baba uso kwa uso, na baba naye, kwa kiburi au kwa aibu, sijui, akanyamaza.

Tulikuwa na paka jike wa kijivu, sikio moja limekatika ncha. Tulimwita Jirani kwa kuwa alianza kwa kuja saa za kula tu, kama jirani yetu mmoja ambaye sitamtaja, akishiba anaondoka bila kuaga. Kila nyumba yenye mpunga ilihitaji paka, lakini huyu alitaka zaidi ya panya. Alitaka kuangaliwa. Ukikaa kimya alijisugua miguuni pako, usipomjali alilia, ukizidi kumpuuza alipanda mezani akasukuma kikombe taratibu kwa mkono wake, huku anakutazama usoni, mpaka kianguke. Tulimdekeza wote bila kujijua. Mama alimrushia kandambili, kisha akamtupia dagaa ili anyamaze. Baba alimfokea, kisha akamkuna shingo. Kandambili au dagaa, kwa Jirani vilikuwa mamoja, mradi umemtazama.

Basi baada ya matanga maneno yote ya nyumbani yakaanza kupitia kwake. "Jirani, mwambie mwenye nyumba maji ya kuoga tayari." Baba, aliyekaa hapo hapo, akamgeukia paka: "Mwambie nimesikia." Watu wengi walionuniana hufanya hivyo siku moja mbili, mmoja akashindwa kujizuia akacheka, yakaisha. Kwetu hakuna aliyecheka. Nilikuwa na njia yangu ya kujua maneno ni ya nani: mama alipozungumza na paka kwelikweli alitumia Kihehe, kwa sauti laini ambayo sisi wengine hatukuisikia tena, akigeuza kuwa Kiswahili, hapo paka hahusiki. Jirani mwenyewe hakujua tofauti. Kwake ilikuwa neema tupu. Alikuja mbio kila aliposikia sauti, akakaa katikati ya viti vyao, kichwa huku, kichwa kule. Kimya kikizidi alilia, mama akamsemesha, na baba akajibu. Nilipoligundua hilo nikaanza kumsaidia. Nilimfinya mkia chini ya meza ili alie, ili wazazi wangu wazungumze. Nilikuwa darasa la tatu, na niliamini kabisa kwamba siku ambayo nyumba itapitisha bila neno, baba atafunga mizigo aondoke.

Mavuno yalipojaa stoo, panya wakaja kwa wingi uliomzidi paka mmoja. Jioni moja baba alisimama mlangoni akasema, "Jirani, mwambie mama mwenye nyumba leo naweka sumu ya panya stoo. Wewe ufungiwe ndani." Mama alikuwa uani anapepeta mchele, amempa mgongo. Siku hiyo ilikuwa nzito kwake. Asubuhi, akitafuta shuka, alikuwa amezikuta fulana za Nyanda chini ya sanduku. Hakugeuka, hakujibu. Baba akaenda zake, na mlango wa nyuma ukalala wazi. Kulipokucha nilimkuta Jirani kando ya magunia, amekauka, povu mdomoni. Baba aliniambia mimi, "Nilisema." Mama naye akaniambia mimi, "Aliyeambiwa ni paka." Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Tulimzika nyuma ya choo. Wakati wa kula nilikaa nikiwatazama, sina mkia wa kufinya. Kisha mama akainua uso. "Kabula, mwambie baba yako kuna mboga nyingine jikoni." Baba akanitazama pia, akisubiri. Nilifurahi, Mungu wangu, nilivyofurahi! Nilijiona nimepewa cheo. Haikuchukua muda nikachoka. Nilijifunza kupunguza makali ya maneno njiani, kumeza mengine, kujua kwa kikohozi tu kwamba naitwa. Wenzangu walicheza nje, mimi nilikaa katikati ya viti.

Leo naishi Mbeya, na ninafuga paka. Akitaka kuangaliwa anasukuma simu yangu mezani, na wanangu wanamrekodi video huku wanacheka. Mimi namtazama mara moja. Sitaki kiumbe chochote nyumbani mwangu kilie mara mbili. Mama alirudi Idodi nilipomaliza shule, na kwa miaka mingi walitumiana salamu kupitia simu yangu. Baba alipougua tukamlaza huku Mbeya, mama akaja na basi, akasimama upande wa pili wa kitanda, akaniambia, "Muulize kama amekula." Nilitoka makusudi, nikawaacha wawili. Nilisimama kwenye korido, sikio mlangoni, mpaka muuguzi akaniomba nimpishe na toroli lake. Sikusikia neno. Niliporudi, mama alikuwa anamlisha uji kwa kijiko, baba anafungua mdomo, na wote wawili wakanigeukia kwa pamoja.

Baba alifariki wiki hiyo hiyo, tukamzika Madibira. Watu walipoanza kutawanyika mama alinivuta kando ya nyumba. "Hakukuachia neno la kuniambia?" Hakuwa ameacha. Maisha yangu yote nilikuwa nimepunguza maneno yao, sikuwahi kuongeza. Siku hiyo nikaongeza. "Alisema Nyanda hakufa kwa sababu yako." Mama akanipapasa shavu kwa kiganja chake kikavu. "Hayo ni ya kwako, mwanangu. Ya baba yako nayajua." Kisha akakaza kanga kiunoni, akaenda kuosha masufuria na wenzake.