Asali Kabla ya Kipimo

Mama mdogo wangu wa Matinyani hajawahi kumpa mgeni maji matupu, na sikupaswa kudhani angeanzia kwangu. Nililala kwake kwa sababu kutoka kwetu Mbooni singefika hospitali ya Kitui asubuhi na mapema, na kipimo kilitaka nifike sijala. Nilimweleza vizuri: maji tu. Alfajiri akaniletea kikombe cha maji ya moto, nikanywa mafunda mawili ndipo nikaonja asali. Alikuwa ameikoroga humo kwa huruma, asali ya mizinga yake mwenyewe. Aliponiona nimekunja uso akasema hicho si chakula, ni kitu cha kulainisha koo tu.

Kwa miaka mingi uvimbe mdogo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo ulikuwa ukimwaga homoni ya ukuaji mwilini mwangu, mimi mtu mzima mwenye watoto. Viganja vilipanuka, taya likajitokeza, pete ya ndoa ikakatwa kwa msumeno. Sauti ilizama mpaka kwaya ikanitoa kwa akina mama ikaniweka na wanaume, nami nikaimba huko kwa hasira na kwa nguvu. Sokoni Tawa wateja waliniita mzee nikiwa nimewapa mgongo. Kisha nikafanyiwa upasuaji, wakapitia puani. Jasho likapungua, viatu vikaanza kulegea, na kanisani wakatoa shukrani kabla ya kipimo chochote.

Lakini daktari alikuwa ameniambia wazi: nikinywa maji ya glukosi, homoni hiyo lazima ishuke. Ikikataa kushuka, basi kuna kipande cha uvimbe kilichobaki, kimeshikana na mshipa mkubwa wa damu, mahali ambapo kisu hakifiki.

Nilimwambia muuguzi habari ya asali. Akacheka kidogo, akatazama foleni, akasema nimetoka mbali na mafunda mawili si neno. Akaweka sindano mkononi, akanipa chupa ya glukosi. Nimemeza dawa chungu nyingi, ila utamu ule ulinishinda. Niliunywa hivyo hivyo, naye akawa anarudi kila baada ya muda kuvuta damu.

Majibu yalipokuja, homoni haikuwa imeshuka.

Nyumbani hakuna aliyeogopa. Ni asali, mama akasema, na mume wangu, na mchungaji. Mama mdogo alipigiwa simu akagombezwa hata na watu wasiomjua vizuri, naye akakubali kosa lote. Mimi nilimkasirikia kweli, kwa sababu kumkasirikia kulikuwa rahisi kuliko kuogopa. Daktari peke yake ndiye aliyekataa. Alinieleza polepole kwamba kitu kitamu huishusha homoni hiyo, hakiipandishi, kwa hiyo asali haikuwa na hatia. Akaona nilivyomkazia macho, akasema turudie, nisije nikabishana na asali maisha yangu yote.

Nililala Matinyani tena. Safari hii, baada ya chakula cha jioni, mama mdogo alifunga jiko kwa kufuli akalala kitanda kimoja nami. Asubuhi alinisindikiza mpaka barabarani, naye pia akiwa hajatia kitu mdomoni.

Majibu yakawa yaleyale. Nilipoyasema nyumbani kila mtu alijipatia kazi ya kufanya. Mume wangu alienda kuangalia ng'ombe, mama akavuta ungo akaanza kuchagua maharagwe. Nikatoka nje nikampigia mama mdogo. Alijua kutokana na nilivyomsalimia tu. Akauliza kwa sauti ya chini:

"Na hapo njiani je? Hukununua kitu ukala? Hata peremende? Niambie tu mwanangu, sitakasirika."

Mtu aliyefunga jiko lake kwa ajili yangu sasa alikuwa ananiomba niwe nimemdanganya. Nilitamani sana kumpa jibu alilolitaka.

"Sikuonja kitu, mama."

Hakukata simu. Nilisikia akiiweka mezani, kisha akaanza kulia, kilio cha mtu anayedhani yuko peke yake. Nikasimama pale nikimsikiliza hadi mwisho, maana kwetu nyumbani hakuna aliyekuwa amelia bado.