Antena ya Mjimwema

Miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria, mwenye duka mmoja wa Mjimwema alinunua runinga, akaiweka barazani watu watazame bure. Jumapili moja picha ilipotea katikati ya mpira. Mzee mmoja akaenda nyuma ya duka kuzungusha mlingoti wa antena. Aliyekaa karibu na kioo cha runinga alikuwa jirani yake, na walikuwa wamenuniana miaka mitatu kwa ugomvi wa mpaka wa shamba.

"Imekuja?" mzee akauliza kutoka nyuma.

Sote barazani tulimtazama jirani. Akakohoa.

"Bado. Zungusha kidogo."

"Sasa?"

"Hapo hapo, mzee mwenzangu. Usiachie."

Baada ya mpira niliwakuta kwenye mlingoti, wakiulizana habari za watoto. Siku hizi kila mtu ana kioo chake cha simu mfukoni, na picha haipotei.