Maziwa Bila Mtoto

"Mwanamke hana mtoto anatoa maziwa vipi? Nieleze hapo tu, Mercyline!"

"Nikueleze mara ngapi? Hata mimi sijui!"

Lenox alikuwa ameshika blauzi ya bibi yake, ile ya kanisa, madoa mawili kifuani. Akainusa kama mbwa wa askari. Si jasho hiyo, si chai. Na asubuhi alimwona na macho yake akijipangusa nyuma ya pazia, akidhani bwanake bado amelala.

Lenox huchomea mageti huko Kabiria, na hiyo kazi imemfundisha kitu moja: mahali rangi imepakwa nene sana, chini kuna kutu. Kwa ndoa yake aliona rangi kibao. Tangu waoane, mimba hakuna. Hedhi ya Mercyline inakuja ikitaka, halafu inapotea miezi. Sasa maziwa.

Halafu kuna Ryan, kitindamimba wa Mama Rael, mama mkwe wake, huko Siaya. Nani hajui vile watu hufanya? Msichana akizalia nyumbani, nyanya anachukua mtoto, nyanya anaitwa mama, mama anaitwa dada, na msichana anaolewa kama mpya. Krismasi, Ryan alimng'ang'ania Mercyline shingoni mpaka usingizi ukambeba hapo hapo. Wote walicheka. Lenox pia alicheka, lakini aliweka moyoni.

"Ryan ni wako," akasema.

Mercyline akakaa kitandani polepole. "Umesema nini?"

"Nishapigia kakako Odhiambo. Jumapili anakuja kukuchukua. Funga sanduku."

Mercyline hakulia. "Sawa. Lakini kesho daktari ananipa majibu ya damu, Ngara. Kuja usikie mwenyewe. Ukitoka hapo ukiwa bado unataka niende, nitafunga."

Ngara? Si huko ndiko alikuwa anasema anaenda kununua nywele za kusukia wateja? Rangi ingine hiyo! Lenox alienda, lakini alienda kumshika.

Daktari Mwihaki alikuwa mama mfupi, sauti ya pole. Lenox aliangalia kwanza kama hao wawili wanakonyezana.

"Kuna homoni inaitwa prolaktini," daktari akasema. "Ndiyo inaambia matiti yatoe maziwa. Yake iko juu sana. Ikiwa juu hivyo, inazima homoni zingine, zile za kukomaza yai. Yai halitoki, hedhi inapotea, mimba haishiki. Ni kama mwili wake unadhani kuna mtoto ananyonya, kwa hivyo unakataa mwingine."

"Na huyo mtoto ako wapi?" Lenox akadakia.

"Hayuko. Hata msichana hajawahi kuzaa inaweza kumpata. Mara nyingi ni kauvimbe kadogo kwa tezi iko chini ya ubongo, na kwa kawaida si saratani. Nataka apigwe picha ya kichwa. Wengi tembe huwasaidia. Homoni ikishuka, mayai yanarudi."

"Lakini unaweza kujua kama mtu ashazaa?"

Daktari akamwangalia Mercyline.

"Mwambie," Mercyline akasema. "Mwambie yote."

"Nilimpima. Mlango wa kizazi wa mtu amezaa hubadilika. Wake haujabadilika, na tumboni hana kovu la upasuaji."

Lenox alikuwa amekwaruza rangi yote, na chini ni chuma safi.

"Sasa kwa nini ulinificha?"

"Ningekwambia natoa maziwa, ungesema nini? Si ndiyo hiyo umesema!"

Daktari akasukuma kikopo cha plastiki mezani. "Na wewe, baba, umewahi kupimwa mbegu?"

"Mimi? Kwani mimi niko na nini?"

"Sijui. Ndiyo maana tunapima. Uje nacho kesho asubuhi."

Mercyline akamgeukia, akamkagua kichwa mpaka viatu, vile yeye alikuwa amekagua blauzi. "Mbona unatoa jasho, Lenox? Kwani uko na Ryan wako mahali?"

Daktari akakohoa kuficha kicheko.

"Kuna geti Kilimani," Lenox akasema akisimama. "Mwenye nyumba ananingoja."

"Na Jumapili? Nifunge sanduku ama nisifunge?"

Akatoa simu, akapiga hapo hapo mlangoni. "Odhiambo, shemeji. Ile safari, wachana nayo. Nilikosea. Tutaongea."

Akashuka ngazi mbili, akasimama, akarudi. Bila kumwangalia mtu, akachukua kikopo, akakisukuma chini kabisa kwa mkoba wake wa vyuma vya kazi, akaenda kufunga geti ya watu.