Dobi Aliyeogopa Pasi

Dobi alikuwa amefika nusu ya njia ya kwenda nyumbani aliposimama. Pasi! Ameizima? Aliichomoa kwa mkono wake mwenyewe, akaugusa waya, akafunga mlango. Hata hivyo akarudi, mara ya tatu jioni ile, moyo ukimwenda mbio kama aliyefukuzwa. Pasi ilikuwa baridi kama jiwe.

Zamani asingerudi. Walikuwa wapiga pasi wanne katika chumba kile, na aliyechomoa waya alipaza sauti, "Imezimwa!" Wenzake wakaitikia, "Tumesikia!" Maneno mepesi tu, lakini mtu alilala nayo usingizi mzito. Kisha zikaja mashine, wenzake wakapunguzwa mmoja mmoja, na mkewe naye akafariki. Siku hizi hakuna wa kuitikia.

Alidhani ni presha, akaenda zahanati. Nesi akampima, akatabasamu. "Mzee, presha yako ya kijana. Nenda chumba namba sita, ushauri nasaha."

Mshauri alikuwa binti mdogo kuliko mwanawe. Ndiko tulikofikia: mtu kujuliwa hali na mgeni, tena kwa miadi, kazi iliyokuwa ya jirani na kigoda chake. Lakini binti yule aliuliza, na majirani hawakuuliza. Dobi akaeleza mpaka koo likakauka.

Wiki ya tatu binti akamwambia, "Mimi unaniona Alhamisi tu, baba. Nyumbani nani anajua?"

"Hakuna."

"Mwambie mmoja."

Siku tano alishika simu akaiweka. Ya sita, mwanawe akapiga mwenyewe, analia.

"Baba, shangazi amekuona ushauri nasaha. Majibu yametokaje? Usikate tamaa, dawa zipo, watu wanaishi miaka!"

Dobi akaangua kicheko. "Wewe! Na magoti haya, nikautafute wapi ukimwi?"

"Sasa ulifuata nini?"

Hapo ndipo penyewe. Angeweza kusema alimsindikiza mtu, yakaisha.

"Naogopa pasi, mwanangu."

"Pasi?"

"Pasi. Na mlango. Na nyumba ikinyamaza."

Kisha akasikia sufuria ikiepuliwa, kiti kikivutwa.

"Nimekaa, baba. Anza mwanzo."

Alipofungua kinywa akagundua kwamba mwanzo wenyewe ni mama yake huyu mtoto, na tangu mazishi hawajawahi kumtaja. Akamtaja.